Mlango wa Hospitali Hauna Mwenyewe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za chama chetu niseme neno juu ya jambo ambalo sisi makarani tumelinyamazia kwa muda mrefu, ingawa huenda ndilo litakalotuua kwanza. Jambo lenyewe ni hili. Siku maradhi makubwa ya kuambukiza yatakapofika tena, mtu wa kwanza kukutana nayo hospitalini hatakuwa daktari, wala hatakuwa muuguzi. Atakuwa bawabu wa langoni, kisha karani wa dirishani aulizaye, "Jina lako nani? Umri wako? Unatoka wapi?" Baada ya huyo atakuja msukuma machela, kisha mfagiaji. Daktari atakuwa wa tano au wa sita. Walakini katika kila mpango wa kujitayarisha niliopata kuusoma au kuuchapa, daktari ndiye atajwaye kwanza, nasi hatutajwi kabisa.

Najua wako watakaosema kwamba karani huyu anatafuta posho. Nawasihi wasome mpaka mwisho, ndipo wahukumu.

Si zamani sana, katika hospitali moja niliyotumikia, ambayo siitaji jina kwa kuwa haiko peke yake, yaliitishwa mafunzo ya siku 2 juu ya kuitayarisha idara ya dharura kwa maradhi ya mlipuko. Niliagizwa kuandika orodha ya watakaohudhuria. Nikaiandika kwa mkono wangu: madaktari, wauguzi, bwana wa maabara, bwana wa stoo ya dawa. Nikapanga viti, nikagawa madaftari na kalamu, nikawatilisha sahihi za posho. Ulipofika wakati wa kuonyeshwa jinsi ya kuvaa na kuvua mavazi ya kinga, mlango ukafungwa, nami nikarudi dirishani kwangu, walipokuwa wakingoja watu wapatao 40, wengine wakikohoa. Dirisha lile halikuwa na kioo. Jioni, nilipokuwa nikiitia ile orodha katika faili, ndipo nilipotambua ya kuwa nimeandika majina ya wote waliotakiwa kuokoka, na jina langu sikulitia. Wala la bawabu, wala la mfagiaji.

Sitaki mtu adhani kwamba huu ni uchungu wa mtu mmoja aliyenyimwa chai. Basi na tutazame yaliyowapata wengine, tena katika nchi tajiri, maana jibu la kwanza tupewalo kila tuombapo jambo ni kwamba fedha hakuna.

Tarehe 7 Machi 2003 wagonjwa wawili wenye ugonjwa mmoja, ule wa mapafu ulioitwa SARS, walifika siku ile ile katika hospitali mbili za Canada. Mmoja alifika Scarborough Grace, katika mji wa Toronto. Alilazwa katika idara ya dharura akingoja kitanda, usiku kucha na sehemu ya siku ya pili, katikati ya wagonjwa wengine, wakitengwa kwa pazia tu. Yeye mwenyewe hakuwa amesafiri. Mama yake ndiye aliyerudi kutoka Hong Kong, naye alikuwa amekufa nyumbani siku mbili kabla. Mgonjwa wa pili alifika Vancouver General. Huko walikuwa wamekwisha tahadharishwa na afisi ya maradhi ya jimbo lao, na huyo mgonjwa akavishwa barakoa na kutengwa upesi. Kwa mgonjwa wa Vancouver ugonjwa haukuenea. Kwa yule wa Toronto ulimshika mtu wa kitanda cha pili, ukaingia katika hospitali nyingine, na hata ulipokoma watu 44 walikuwa wamekufa, wakiwamo wauguzi wawili na daktari mmoja.

Sisemi bahati haikuwa na sehemu yake. Lakini nauliza: hospitali zile mbili zilipitana kwa fedha? La hasha. Zilipitana mlangoni. Jaji Archie Campbell, aliyeongoza tume ya kuchunguza mambo yale, alifundisha neno ambalo yafaa libandikwe katika kila afisi ya mganga mkuu: kwamba mtumishi akingwe mara hatari inapodhaniwa, pasipo kungoja wataalamu wathibitishe jambo hilo kabisa.

Sasa na tuje Seoul, katika Korea Kusini. Mwezi Mei 2015 mgonjwa mmoja wa homa iitwayo MERS alikaa katika idara ya dharura ya Samsung Medical Center tangu tarehe 27 hata tarehe 29. Hospitali hiyo ni moja ya kubwa na za kisasa mno katika nchi ile. Mtu huyo mmoja akawaambukiza watu 82. Ndugu zangu, tazameni hesabu hii vizuri kama tutazamavyo hesabu za mishahara: wagonjwa 33, wahudumu wa afya 8, na wageni 41. Yaani nusu ya walioambukizwa walikuwa watu waliokuja kuangalia jamaa zao na kukaa nao. Katika nchi nzima waliougua walikuwa 186, wakafa 38.

Lakini lililonichoma moyo katika habari za Seoul ni habari ya msukuma machela. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wagonjwa wa idara ile ya dharura huku na huko. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya nje, si wa hospitali yenyewe. Basi hospitali ilipoandika orodha ya watumishi wa kuangaliwa afya zao, yeye hakuwamo. Alianza kuugua tarehe 2 Juni, akaendelea na kazi yake mpaka tarehe 10, akisukuma wagonjwa siku zote hizo, wala hakuna aliyemwuliza neno. Alipogunduliwa, hospitali ile kubwa ikalazimika kusimamisha sehemu kubwa ya kazi zake. Ilikuwa na mashine za kila namna. Kilichopungua ni jina moja katika karatasi.

Mfano wa tatu ni wa Dallas, katika Marekani. Tarehe 25 Septemba 2014 mtu aliyetoka Liberia, wakati Ebola ilipokuwa ikiua maelfu ya watu huko Afrika ya Magharibi, alikwenda katika idara ya dharura ya hospitali ya Texas Health Presbyterian akiwa na homa. Aliulizwa, akajibu kwamba ametoka Afrika. Neno hilo likaandikwa. Akapewa dawa, akarudishwa nyumbani. Tarehe 28 akaletwa tena kwa gari la wagonjwa, hali yake mbaya, na tarehe 8 Oktoba akafa. Wauguzi wawili waliomhudumia waliambukizwa, ila wao walipona. Hapa mlango uliuliza na kalamu iliandika, lakini faili lilikaa kimya. Habari iliyoandikwa isipomfikia mwenye kuamua ni sawa na barua iliyokaa katika mfuko wa tarishi.

Basi tumeona mambo matatu: mlango wa Toronto, orodha ya Seoul, faili la Dallas. Nawauliza wenzangu, mambo haya matatu ni kazi ya nani katika hospitali zetu? Nani akaaye mlangoni? Nani aandikaye orodha? Nani achukuaye faili? Ni sisi. Na asiyefundishwa hata mara moja nini la kufanya siku hiyo ni nani? Ni sisi pia.

Haya, mtu asiseme hayo ni mambo ya mbali. Mwaka 2000 Ebola ilitokea Gulu, jirani zetu wa Uganda. Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya St. Mary's, Lacor, aliitwa kutoka masomoni Kampala kwa sababu watu walikuwa wakifa pasipo kujulikana wanakufa nini. Alifanyaje? Pamoja na kuwaona wagonjwa, aliketi na mafaili yao, akayasoma moja baada ya moja mpaka akauona ugonjwa ulivyojificha ndani yake. Kama makarani na wauguzi wa Lacor wangalikuwa watu wa kuandika ovyo, angaliona nini? Dakta Lukwiya mwenyewe aliambukizwa akafa tarehe 5 Desemba 2000, na kabla yake walikuwa wamekufa wauguzi na watumishi wengine wa hospitali ile. Katika mlipuko ule waliougua walikuwa 425, na waliokufa 224.

Nchini kwetu, tarehe 21 Machi 2023 ilitangazwa kwamba homa ya Marburg imeingia mkoa wa Kagera. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na katika hao 9 walikuwamo wahudumu wa afya. Januari 2025 ikarudi mkoani humo humo, wilaya ya Biharamulo. Safari hii waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikuwa 10, na wote 10 wakafa. Kati ya milipuko hiyo miwili, Septemba 2024, Marburg ilitangazwa Rwanda. Huko waliougua walikuwa 66, na karibu 8 katika kila 10 walikuwa watu wa hospitali. Wenzetu wa Rwanda walishindana nayo kwa bidii hata waliokufa wakawa 15 tu, jambo la ajabu kwa ugonjwa ule mkali. Lakini yatupasa kuona kwamba moto ule ulishika kwanza nyumba ya wazima moto. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Na korona je? Shirika la Afya la Ulimwengu lilikadiria ya kuwa tangu Januari 2020 hata Mei 2021 watumishi wa afya waliokufa kwa ugonjwa ule ulimwenguni ni kati ya 80,000 na 180,000. Mtu azoeaye madaftari ataona mara moja maana ya makadirio ya namna hiyo. Hesabu ya chini na hesabu ya juu zapishana kwa watu 100,000! Kama karani wa mishahara angemletea bwana wake hesabu ya namna hiyo angefukuzwa siku ile ile. Simlaumu aliyekadiria. Nalaumu madaftari yasiyoandikwa, maana mtu asiyeandikwa akiwa hai hawezi kuhesabiwa akiwa maiti, na mjane wake hana karatasi ya kudai nayo.

Sasa nageukia majibu tupewayo.

Wa kwanza husema, "Tumejenga." Ni kweli, na haki itendeke: wamejenga. Mwaka 2010 Muhimbili ilipata idara kamili ya dharura, ya kwanza ya namna yake katika nchi yetu, na tangu mwaka ule madaktari wanafundishwa hapo kazi hiyo maalumu. Mwaka 2021 zikaja shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya vita vya korona, na sehemu yake ikajenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi. Ni kazi njema, wala sina neno nayo. Lakini jengo halimwulizi mtu, "Nani amekufa nyumbani kwenu juma hili?" Ukuta hautambui homa. Seoul walikuwa na jengo.

Wa pili husema, "Karani si mtu wa afya, kazi yake ni kalamu." Ajabu! Wakati wa kugawa hatari sisi ni watu wa hospitali, na wakati wa kugawa glavu sisi ni watu wa kalamu. Virusi havisomi barua ya ajira. Mtu akikukoholea usoni kwa umbali wa nusu mita, hakuulizi kwanza kama u wa daraja gani.

Wa tatu husema, "Mungu atatulinda." Mimi nimelelewa na misheni, na sala naijua. Walimu wetu walitufundisha kuomba, tena wakatufundisha kuchemsha maji ya kunywa, wala hatukuona kwamba la pili lalitukana la kwanza.

Wa nne husema, "Mataifa yamekwisha kupatana." Naam, mwezi Mei 2025 mkataba wa ulimwengu juu ya maradhi ya mlipuko ulikubaliwa huko Geneva. Nausifu. Lakini mgonjwa hapandi ndege kwenda Geneva kuomba cheti. Huja dirishani kwetu saa 8 za usiku, amefungwa kanga kiunoni, amebebwa na nduguze wanne, na wote wanne wamemshika kwa mikono mitupu.

Nikiwa nimewasema wakubwa, haki yanitaka niseme na sisi wenyewe, maana hatuna usafi. Wako makarani wanaofunga dirisha wakanywe chai huku watu wamesongamana kama samaki katika tenga. Wako wanaompitisha ajuaye kutoa kitu kidogo, na mwenye homa kali wakamwacha benchini. Wako waandikao "Homa" katika daftari zima tangu juu hata chini, pasipo kuuliza kijiji, pasipo kuuliza siku. Na wengi wetu twamdharau mfagiaji. Hatujui hata jina la baba yake. Halafu twalalamika kwamba wakubwa hawatujui majina! Tukitaka kuandikwa katika orodha, yatupasa kwanza tuwe watu ambao orodha zao zaaminika.

Kwa hiyo naleta mashauri sita, nayo hayahitaji trilioni.

La kwanza: mgonjwa aulizwe kabla hajaingia katika kundi. Pawe na mtu aliyefundishwa, amesimama nje mahali penye hewa, na maswali yake yawe mafupi: Je, una homa? Umetoka wapi kwa muda wa siku 21 zilizopita? Umemwuguza au kumwosha maiti nani? Nimetaja siku 21 kwa kuwa ndizo Ebola na Marburg ziwezazo kujificha mwilini kabla ya kujionyesha. Na tukumbuke Toronto: swali la safari pekee halitoshi, maana aliyesafiri alikuwa mama.

La pili: mwenye kushukiwa apewe barakoa na benchi lake peke yake, hata kama ni chini ya mwembe wenye turubai, na nduguze wasitawanyike kabla ya kuandikwa. Hapo mlangoni pawe na maji na sabuni siku zote, si siku ya ugeni wa waziri tu.

La tatu: faili lake litiwe alama moja ijulikanayo na wote, na aliyelitia alama aende mwenyewe kumwambia daktari kwa kinywa, kisha aandike saa aliyomwambia. Karatasi peke yake ilikwisha shindwa Dallas.

La nne: pawe na daftari moja la kila mtu aingiaye kazini katika idara ya dharura: daktari, mwanafunzi, karani, bawabu, msukuma machela, mfagiaji, hata mfua nguo. Asiulizwe ni mwajiriwa wa serikali au wa kampuni ya nje. Kila zamu itiwe sahihi.

La tano: mazoezi yafanyike mara mbili kwa mwaka, na moja liwe la usiku, pasipo taarifa. Wote waliomo katika lile daftari wafundishwe kuvaa na kuvua. Kuvua ndiko kugumu, maana hapo ndipo wengi hujipaka maradhi kwa mikono yao wenyewe. Na glavu na barakoa zihesabiwe kila juma, na karani wa stoo awe na ruhusa ya kuandika kwa mkubwa wa juu zipunguapo, asihesabiwe kuwa mchongezi.

La sita, nalo ndilo kubwa: mtumishi wa kibarua atakayesema, "Nina homa," asikatwe ujira wake. Mtu akijua kwamba kusema kweli ni kuwalaza watoto njaa, atameza vidonge viwili na kuja kazini. Shilingi chache za kibarua ni rahisi kuliko kuifunga hospitali nzima.

Nashauri mkutano mkuu ujao wa chama chetu uyapokee haya kama ombi rasmi, lipelekwe kwa njia ya haki, kwa maandishi na kwa adabu, na lijibiwe kwa maandishi. Lakini tusikae kungoja jibu. Liko tawi la chama karibu na kila hospitali kubwa. Kila tawi laweza mwezi huu huu kumtuma mwanachama mmoja asimame mlangoni saa moja, ahesabu mambo manne tu: Kuna aulizaye? Kuna maji? Kuna barakoa? Kuna orodha iliyo na jina la mfagiaji? Alete majibu, tuyachape katika karatasi hii yetu, bila matusi na bila chumvi. Wakubwa wengi wawezao kupuuza hotuba hawawezi kupuuza hesabu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ule mlango. Kila asubuhi twaupita kwenda kazini, na kila mtu adhani ni wa mwingine.

Mimi nimeanza kwa upande wangu. Ile orodha ya mafunzo niliifungua tena, nikachukua karatasi nyingine, nikaandika majina yaliyosahauliwa: mabawabu 3, wasukuma machela 4, wafagiaji 6, makarani 2. Nikaipeleka kwa mkubwa wangu. Ameipokea, akaniambia ataitazama. Nangoja, na nakala yake ninayo.

Wasalaam,

Karani wa Dirishani